NENO LA MWEZI: NPK, au namba tatu za mfuko wa mbolea

Kwa wale wanaotusoma mara ya kwanza, utaratibu wetu ni huu: kila mwezi sisi walimu wa kujitolea tunachukua neno moja linalotajwa sana hapa kambini lakini maana yake haieleweki sawasawa. Tunalifungua kama mtu anavyofungua furushi, tunaona kilichomo ndani, halafu tunaliweka kwenye kazi.

Neno la mwezi huu ni NPK. Tumelichagua kwa sababu tumelisikia sana kwenye bustani na sokoni, na kila mtu analitumia kivyake. Wapo wanaodhani NPK ni jina la kampuni. Wapo wanaoita NPK kila mbolea ya dukani, iwe nyeupe, ya kijivu au ya kahawia. Wengine wanasema "nipe ile ya namba kubwa", wakiamini kwamba namba kubwa ndiyo mbolea kali na ndiyo nzuri. Na wapo wanaouza mbolea iliyofungwa kwenye vifuko vya plastiki, haina jina wala namba, wanasema tu "hii ni mbolea, mama, chukua."

Sasa, hapa kwetu jambo hili si la mchezo. Bustani zetu ni ndogo, na fedha ya mbolea haitoki mbinguni. Inatoka kwa kuku aliyeuzwa, kwa nguo za watu zilizofuliwa, na mara nyingine inatoka kwenye unga wa mgao uliopunguzwa nyumbani ukapelekwa sokoni. Familia ikinunua mbolea isiyofaa, au ikaiweka mahali pasipofaa, imepoteza mara mbili: unga umeondoka, na mahindi hayakuja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi leo tufungue daftari.

MAJINA YETU MENGI

Kwanza tuelewane kuhusu neno mbolea lenyewe. Katika kambi moja tumetoka sehemu nyingi. Ndugu zetu waliosoma Kongo wamezoea kusema angre, kwa sababu shuleni walifundishwa kwa Kifaransa. Ndugu wa Burundi na wa Rwanda wanasema ifumbire. Waswahili wa Tanzania wanatofautisha samadi, ambayo ni kinyesi cha mifugo. Mboji, ambayo ni majani na takataka zilizooza. Na mbolea ya viwandani, ambayo wengine wanaiita mbolea ya chumvichumvi kwa sababu inafanana na chumvi. NPK inahusu hasa hii ya viwandani. Lakini mtaona mbele kwamba hata samadi na majivu vina NPK yake, ila tu havikuandikwa namba.

HERUFI TATU

NPK si neno moja. Ni herufi tatu, na kila herufi inasimama badala ya kirutubisho kimoja, yaani chakula kimoja cha mmea.

N ni naitrojeni. Waliosoma Kongo na Burundi wanaijua kwa jina la azoti. Hii ndiyo inayojenga majani na rangi ya kijani. Mahindi yakikosa naitrojeni yanakuwa mafupi na majani ya chini yanageuka manjano. Tazama vizuri: manjano inaanzia kwenye ncha ya jani na kushuka kufuata mshipa wa katikati.

P ni fosforasi. Hii inasaidia mizizi, maua na mbegu. Mmea mchanga ukiikosa unadumaa, na kwenye mahindi majani mara nyingi yanakuwa na rangi ya zambarau. Watu wengine wakiona zambarau wanasema ni baridi tu. Kweli, baridi inaweza kuleta rangi hiyo pia, lakini ikidumu wiki baada ya wiki, fikiria fosforasi.

K ni potasiamu. Wanafunzi wetu huuliza: kama inaitwa potasiamu, mbona herufi si P? Jibu ni kwamba P ilishachukuliwa na fosforasi, na wataalamu walitumia jina la Kilatini, kalium. Jina hilo asili yake ni neno la Kiarabu linalohusu majivu ya mimea. Na jina potasiamu nalo limetokana na neno la Kizungu la majivu yaliyochemshiwa chunguni. Akina mama hapo hawatashangaa. Ninyi mnaochoma maganda ya ndizi au mabua ya maharage, mkachuja maji ya majivu ili kulainisha maharage au mboga, mnaishika potasiamu kwa mikono yenu miaka yote. Kazi yake kwenye mmea ni kuupa nguvu: shina linasimama, maji yanatumika vizuri, magonjwa yanapungua kidogo. Ikikosekana, kingo za majani ya zamani zinakauka kama zimebabuliwa na moto. Ndizi, mihogo na viazi vinaihitaji sana.

NAMBA ZINASEMA NINI?

Kwenye mfuko mtaona namba tatu zenye vistari katikati, kwa mfano 17-17-17. Mpangilio haubadiliki. Ya kwanza daima ni N, ya pili ni P, ya tatu ni K. Namba yenyewe ni asilimia, yaani sehemu ngapi katika kila mia. Kwa hiyo kilo 100 za mbolea ya 17-17-17 zina kilo 17 za kila kirutubisho. Mfuko wa kilo 50 una nusu yake, kilo 8 na nusu za kila kimoja.

Tuangalie mifuko inayojulikana zaidi katika nchi zetu hizi:

Yurea (kwenye mfuko wanaandika UREA) ni 46-0-0. Ina naitrojeni peke yake. Sifuri mbili zinasema: hakuna fosforasi, hakuna potasiamu.

DAP ni 18-46-0. Ina naitrojeni kiasi na fosforasi nyingi, haina potasiamu.

CAN ina naitrojeni ya 26 au 27, pamoja na kalsiamu kidogo.

SA ina naitrojeni ya 21, pamoja na salfa.

TSP ni 0-46-0. Fosforasi peke yake.

Ukiona kuna alama ya kujumlisha na herufi nyingine baada ya namba tatu, usiogope. Kule Malawi, kwa mfano, inajulikana mbolea ya 23-21-0+4S. Herufi S ni salfa, na 4 ni asilimia yake.

Hapo linakuja swali tunaloulizwa mara nyingi: "Mwalimu, kama yurea ni 46, zile 54 zilizobaki ni nini? Wameweka mchanga?" Hapana. Naitrojeni peke yake ni hewa, haiwezi kufungwa kwenye mfuko. Ili ikae kama punje, lazima iungane na vitu vingine. Katika yurea imeungana na kaboni, oksijeni na haidrojeni. Hizo ndizo zinazojaza sehemu iliyobaki. Ni kama muhindi: mbegu zake haziji zenyewe mkononi, zinakuja zimeshikwa na gunzi.

Na kwa wanafunzi wa sekondari, tuongeze kidogo. Namba ya P na ya K kwenye mfuko huhesabiwa pamoja na oksijeni. Kwa hiyo DAP yenye 46 katikati, fosforasi yake halisi ni kama 20. Na potasiamu ya 17 kwenye mfuko, halisi ni kama 14. Mkulima hana haja ya kuumiza kichwa na hilo, kwa sababu mifuko yote inahesabu hivyohivyo, kwa hiyo kulinganisha mfuko na mfuko bado ni sawa. Lakini likija kwenye mtihani msishangae.

NAMBA KUBWA SI LAZIMA IWE BORA

Hili ndilo tunaomba lisomwe kwa sauti nyumbani. Namba inakueleza kuna nini na kiasi gani. Haikuelezi shamba lako linahitaji nini.

Chukua ndoo yenye tundu ubavuni. Mimina maji unavyotaka, hayatapita lile tundu. Hata ukileta maji ya mto mzima, yanamwagikia pale pale. Udongo uko hivyo. Kama udongo wako umekosa fosforasi, hiyo ndiyo tundu. Ukimwaga yurea mifuko miwili, mahindi yatabaki chini. Jambo hili lilienezwa na mwanakemia wa Ujerumani aitwaye Justus von Liebig, katika karne ya 19: mavuno yanafuata kile kirutubisho kilichopungua kuliko vyote, si kile kilichozidi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "namba kubwa ni ipi?", uliza "tundu langu liko wapi?" Majani yenyewe yatakuambia: manjano ya katikati, zambarau, au kingo zilizobabuka.

Na mazao nayo hayafanani. Viazi vitamu ukivipa naitrojeni nyingi, utapata majani ya kulisha mbuzi, lakini ukichimba unakuta mizizi myembamba. Maharage nayo yana siri yake. Kwenye mizizi yake kuna vinundu vidogo, na ndani ya vinundu wanaishi vijidudu wanaochukua naitrojeni kutoka hewani na kuupa mmea. Ng'oa shina moja la maharage linapokaribia kutoa maua, pasua kinundu kwa ukucha. Kikiwa cha rangi ya waridi au nyekundu ndani, basi kiwanda kinafanya kazi. Sasa mtu mwenye kiwanda chake nyumbani, anunue yurea ya nini? Fedha hiyo peleka kwenye mchicha (lengalenga) au kwenye mahindi.

KUPANDIA NA KUKUZIA

Sasa matumizi. Mbolea za viwandani tunazigawa makundi mawili kufuatana na kazi yake: mbolea ya kupandia na mbolea ya kukuzia.

Mbolea ya kupandia ni ile yenye fosforasi, kama DAP, TSP au NPK. Inawekwa siku ya kupanda kwa sababu fosforasi haitembei sana kwenye udongo. Ikiwekwa juu, inabaki juu, na mzizi mchanga hauifikii. Kwa hiyo chimba shimo, weka mbolea, funika kwa udongo kidogo, ndipo uweke mbegu, halafu funika tena. Mbegu na mbolea visigusane. Ni majirani, si watu wa kitanda kimoja.

Mbolea ya kukuzia ni ile ya naitrojeni, kama yurea au CAN. Hii tunaisubirisha mpaka mahindi yafike kama usawa wa magoti, baada ya palizi. Kwa nini tusiiweke yote siku ya kupanda? Kwa sababu naitrojeni inasafirishwa na maji. Mvua kubwa ikija wakati mmea bado mdogo, inashuka chini kuliko mizizi, na fedha yako imekwenda nayo. Na kwa nini tusiipalilie baadaye? Kwa sababu magugu nayo yanakula. Usimpikie mgeni ambaye hukumwalika.

Yurea ina tabia yake ambayo lazima tuiseme. Ikiachwa juu ya udongo, inageuka kuwa amonia, ile hewa yenye harufu kali inayowasha pua kama ya mkojo uliolala, na inapaa angani. Mnakumbuka kwamba jina yurea lenyewe linatokana na mkojo? Mwaka 1828 mwanakemia Friedrich Wöhler wa Ujerumani alikuwa wa kwanza kuitengeneza kwa mikono bila kuitoa kwa mnyama. Basi yurea ikitupwa juu tu, hasa siku ya joto, sehemu yake haifiki kwenye mmea. Chimba kishimo kando ya shina, umbali wa kama upana wa kiganja, weka, funika. Fanya hivyo udongo ukiwa na unyevu, si wakati wa ukavu, wala si wakati mvua ya mafuriko inanguruma.

Kuna kikundi cha akina mama tunachokijua kilichopata shida kwa ajili hii. Walinunua mbolea nyeupe isiyokuwa na jina, wakaambiwa ni ya kupandia. Wakaiweka kwenye mashimo pamoja na mbegu za mahindi na za maharage. Wiki mbili zikapita, sehemu kubwa haikuota. Maneno yakaanza. Wengine wakasema mbegu zilikuwa mbovu, wengine wakaanza kutajana kwa majina, nani aliingia bustanini na nani ana jicho baya. Kikundi kikakaribia kuvunjika. Baadaye kijana mmoja akauliza mbolea ilikuwa ipi, wakamwonyesha iliyobaki: punje nyeupe za mviringo, zinayeyuka zote kwenye maji, na maji yanakuwa baridi. Ilikuwa yurea. Amonia yake iliziua mbegu ardhini. Hakukuwa na jicho wala mchawi, kulikuwa na 46-0-0 mahali palipohitaji 18-46-0. Waliomba radhi wao kwa wao, wakapanda tena sehemu waliyoweza. Lakini mbegu zilizokufa hazikurudi, na msimu haukuwangoja.

KIPIMO CHA KIFUNIKO CHA SODA

Mizani hatuna, lakini vifuniko vya soda vipo. Kifuniko kimoja kilichosawazishwa juu kwa kidole kinabeba kama gramu 5 za mbolea. Kwa shimo moja la mahindi mawili, kifuniko kimoja cha kupandia kinatosha, na baadaye kifuniko kimoja cha kukuzia.

Tupige hesabu ya bustani ya mita 10 kwa mita 10. Mistari ya mahindi ikiachana sentimita 75, mnapata mistari 13. Mashimo yakiachana sentimita 50, kila mstari una mashimo 20. Mara 13, ni mashimo 260. Kila shimo gramu 5, jumla ni gramu 1,300, yaani kilo 1 na gramu 300. Hiyo ndiyo mbolea ya kupandia ya bustani nzima, na nyingine kama hiyo ya kukuzia. Anayekuambia ununue kilo 5 kwa bustani hiyo, anataka fedha yako. Na ukizidisha mbolea humsaidii mmea: chumvi ikizidi kwenye udongo inaunguza mizizi, kama mboga iliyotiwa chumvi mara mbili isivyolika.

KUNUNUA KWA AKILI

Tuseme dukani kuna yurea ya shilingi 4,600 kwa kilo, na CAN ya shilingi 3,900 kwa kilo. Bei hizi ni za mfano tu. Wengi watakimbilia ya 3,900. Lakini sasa tunajua kusoma namba. Kilo 1 ya yurea ina gramu 460 za naitrojeni. Gawanya 4,600 kwa 460: kila gramu inakugharimu shilingi 10. Kilo 1 ya CAN yenye 26 ina gramu 260. Gawanya 3,900 kwa 260: kila gramu ni shilingi 15. Kumbe iliyoonekana rahisi ndiyo ghali. CAN nayo ina faida zake, haipotei hewani haraka kama yurea na ina kalsiamu, lakini uamuzi uufanye ukiwa unajua unalipia nini.

Watu wanauliza pia kwa nini bei ya mbolea inapanda hata pale ambapo hapa kwetu hakuna kilichobadilika. Sababu iko mbali. Hewa tunayovuta, sehemu 78 katika mia ni naitrojeni, lakini mahindi hayawezi kuivuta. Fritz Haber wa Ujerumani alionyesha mwaka 1909 namna ya kuibana hewa hiyo na kutengeneza amonia, na Carl Bosch akaifanya iwe kazi ya kiwanda, kiwanda cha kwanza kikaanza Oppau mwaka 1913. Kazi hiyo inahitaji moto na mgandamizo mkubwa, na viwanda vingi vinatumia gesi asilia. Gesi ikipanda, yurea inapanda. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2021 na 2022, bei ya gesi ilipopanda na vita vya Urusi na Ukraine vikaongeza ugumu. Fosforasi nayo inachimbwa kama mawe. Tanzania inayo kule Minjingu, mkoa wa Manyara. Potasiamu inachimbwa pia, na wachimbaji wakubwa ni Kanada, Urusi na Belarus. Kwa hiyo kifuniko chako kimoja cha NPK kimetembea safari ndefu kuliko wengi wetu.

Ukienda kununua, omba kuona mfuko wa asili ulioshonwa, soma jina na namba tatu. Kama unanunua kwa kupimiwa, upimiwe mbele ya macho yako kutoka kwenye mfuko huo. Ukifika nyumbani, andika jina na namba kwenye karatasi, weka ndani ya kifuko. Kama ni yurea na una wasiwasi, tia kijiko kimoja kwenye maji ndani ya chupa iliyokatwa: inatakiwa iyeyuke yote. Ukikuta mchanga chini, umeuziwa mchanga. Usiionje kwa ulimi hata siku moja, na chupa hiyo isirudi kwenye maji ya kunywa.

SAMADI NA MAJIVU JE?

Wapo wanaosema mbolea ya viwandani inaua udongo, na wapo wanaosema samadi ni ya watu wa zamani. Tusikilize pande zote mbili. Yurea na SA zikitumika miaka mingi peke yake, udongo unazidi kuwa na asidi, na mazao yanadhoofika. Hapo wanaolalamika wana haki. Lakini samadi nayo, namba zake ni ndogo. Samadi yenye naitrojeni asilimia 1, ili upate naitrojeni ya kilo 1 ya yurea, unahitaji kilo 46. Ila samadi na mboji vinafanya kazi ambayo hakuna mfuko unaoifanya: vinashika maji, vinalainisha udongo na kuwalisha viumbe waliomo ndani. Kwa hiyo jibu ni kuoanisha. Konzi moja au mbili za samadi iliyooza kwenye shimo, pamoja na kifuniko kimoja cha mbolea, vitakupa zaidi kuliko kimoja peke yake.

Majivu ya jikoni yana potasiamu na yanapunguza asidi ya udongo. Yanyunyize bustanini wiki kadhaa kabla ya kupanda. Lakini usiyachanganye na yurea, DAP, CAN wala SA, kwa sababu yanafukuza naitrojeni ipae ikiwa amonia. Ukisikia harufu kali unapochanganya, hiyo ni fedha yako inaondoka.

TAHADHARI NYUMBANI

Yurea inafanana na chumvi na sukari. Isikae jikoni, isiwekwe kwenye kopo la maziwa wala chupa ya soda. Iweke juu, mahali pakavu, watoto wasipofika. Mbuzi na ng'ombe wakiila wanaweza kufa, kwa hiyo usiache mfuko wazi uani. Mifuko mitupu isitumike kuwekea unga. Nawa mikono kwa sabuni ukimaliza. Mtoto akiila, mkimbize kituo cha afya mara moja, na uende na kifuko chenyewe ili waganga waone jina.

ZOEZI LA FAMILIA

Watoto wasome, wazazi wasahihishe:

1. Mfuko wa yurea wa kilo 50 una kilo ngapi za naitrojeni?

2. Mama ana bustani ya mita 5 kwa mita 10. Amepata mistari 6 yenye mashimo 20 kila mmoja. Anahitaji gramu ngapi za mbolea ya kupandia kwa kipimo cha kifuniko kimoja kila shimo?

3. Dukani kuna mifuko miwili, mmoja 46-0-0 na mwingine 18-46-0. Upi ni wa kupandia, na upi ni wa kukuzia? Eleza sababu.

4. Majani ya mahindi yako yana kingo zilizobabuka. Ni herufi gani imepungua? Taja kitu kimoja cha jikoni kinachoweza kusaidia.

Majibu leteni darasani, au tupeni mkitukuta njiani. Tutayachapa toleo lijalo. Na mwenye kifuko cha mbolea kisichokuwa na jina, akilete pia, tukiangalie pamoja kabla mvua hazijaanza.

Mwezi ujao tutafungua neno "asidi ya udongo", kwa kuwa tumeligusa leo na tayari wengine wameanza kuuliza. Mbaki salama.

Ni sisi walimu wenu wa kujitolea.